Ngome ya kompyuta: imjibu anayekataliwa au inyamaze?

Kompyuta yoyote iliyounganishwa na intaneti, iwe ya ofisi hapa Kacyiru au ya duka la mtaani, hupigiwa hodi usiku na mchana. Wengi wa wabishaji ni programu zinazopita anwani moja baada ya nyingine zikitafuta mlango ulioachwa wazi. Kinachozizuia ni ngome, programu inayoamua nani aingie. Wengine huiita ukuta wa moto, tafsiri ya neno kwa neno isiyomweleza msomaji lolote.

Ngome hukataa kwa namna mbili. Ya kwanza hurudisha ujumbe mfupi kwamba mlango umefungwa. Ni uungwana, ila mgeni amekwisha kujua kwamba nyumba ina watu. Ya pili hunyamaza, na mpelelezi hukosa uthibitisho huo.

Kimya, hata hivyo, si kutoonekana. Mahali pasipo na kompyuta, mara nyingi ruta ya jirani hujibu kwamba anwani haifikiki. Hivyo ukimya mtupu waweza kuwa dalili ya anayejificha. Tena una gharama. Mhasibu aliyekosea mlango kwenye kompyuta ya Linux hatapata jibu: mashine yake itarudia kubisha mara kadhaa, na takriban dakika mbili zitapita kabla haijakata tamaa.

Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni kunyamaza kwa wanaotoka nje na kuwajibu walio ndani ya mtandao wa ofisi. Katika ngome ya Ubuntu iitwayo ufw, amri ya "deny" hunyamaza, na "reject" hujibu.

Jambo linalosahaulika ni kumbukumbu. Ngome huweza kuandika anwani ya kila aliyekataliwa, naye huenda akawa mfanyakazi aliye nyumbani. Sheria ya Rwanda ya Oktoba 2021 inalinda taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu, hata kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Zikivuja, mamlaka husika yapaswa kuarifiwa ndani ya saa 48. Kumbukumbu hizo zisikae kuliko zinavyohitajika.

Baada ya kupanga, jaribu kubisha ukitumia bando la simu badala ya Wi-Fi ya ofisi, kwani ukiwa ndani utakutana na kanuni za wenyeji.