Dawa Hukaa Mkojoni Siku Ngapi?

Msomaji, huenda umepata kazi ya ulinzi au ya kiwandani Migori au Homa Bay, ukaambiwa kwanza mkojo wako upimwe dawa za kulevya. Fahamu mambo haya.

Ini huvunjavunja dawa, kisha figo hutoa mabaki kwa mkojo. Pombe yenyewe hutoweka baada ya saa 12 hadi 24. Kokeni, heroini na kodeini, iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi, huonekana kwa siku 2 au 3 hivi. Bangi hujificha kwenye mafuta ya mwili: aliyevuta mara moja huonekana kwa siku 3 hivi, lakini mvutaji wa kila siku mwezi mzima au zaidi. Fenobabitoni ya kifafa hukaa hata wiki 3. Usiiache kwa kuogopa kipimo, kwani kifafa kitakurudia kwa nguvu.

Hata hivyo, kipimo cha haraka huweza kukosea. Efavirenzi, dawa ya ukimwi waliyoimeza wengi hapa kwetu miaka iliyopita, huweza kusomeka kama bangi. Rifampisini ya kifua kikuu, ile inayogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, huweza kudhaniwa heroini.

Kwa hiyo mweleze daktari anayekupima, kwa siri, dawa zote unazomeza. Matokeo yakikushangaza, omba mkojo uleule urudiwe katika maabara kubwa yenye mashine za uthibitisho. Na kumbuka, sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yamkataza mwajiri kukulazimisha kupimwa ukimwi ndipo akuajiri.