Mkonga, Turbo na Moshi Mweusi

Land Cruiser ya toleo la 70 ilitoka kiwandani mwaka 1984, na Toyota haijaacha kuiunda hadi leo. Tanzania gari hili huitwa mkonga, kwa ajili ya bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele. Wengi hudhani bomba hilo ni la kuvukia mito. Mto Mara pale Kogatende unaweza kumsadikisha mtu hivyo, lakini kazi yake ya kila siku ni vumbi: hewa ya usawa wa paa ni safi kuliko ile inayotimuliwa na magurudumu, na katika barabara ya changarawe ya Mugumu kuelekea Ikoma wakati wa kiangazi, chujio la hewa ndilo linalojua tofauti hiyo.

Chini ya boneti kuna injini ya 1HZ, iliyoanza kutumika mwaka 1990: dizeli, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 4.2, haina turbo wala kompyuta. Hutoa nguvu farasi 130 hivi, lakini hesabu hiyo ni ya pwani. Kwenye mwinuko wa meta 1,500, kama ulivyo sehemu nyingi za Tarime na Serengeti, kanieneo ya hewa ni takribani asilimia 85 ya ile ya Dar es Salaam. Hewa imepungua, ilhali pampu isiyo na kifaa cha kurekebisha mafuta kulingana na mwinuko humwaga dizeli ileile. Ile isiyopata hewa ya kuunguzwa hutoka nje ikiwa moshi mweusi. Kwa hiyo fundi anayekaza skrubu ya pampu ili iongeze mafuta, kisha akamwonyesha mteja wingu la moshi kama ushahidi kwamba gari limeamka, amemwonyesha fedha zake zikipaa. Ndani ya hifadhi, wingu hilo ni uchafu ambao hauna sababu ya kuvumiliwa.

Kinachokosekana ni hewa, na turbo huileta. Gesi za eksozi huzungusha feni moja, nayo feni hiyo huzungusha nyingine inayoisukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Lakini 1HZ ina umbile ambalo watu hulisahau. Nozeli zake hazinyunyizi dizeli juu ya pistoni moja kwa moja. Ndani ya silinda hedi, kila silinda ina chumba kidogo cha pembeni. Pistoni inapopanda, hewa hubanwa na kupenyezwa katika chumba hicho kupitia koo jembamba, ikaingia ikizunguka kwa kasi. Hapo ndipo dizeli hunyunyiziwa, ikawaka, na moto ukatoka kwa koo lilelile kwenda kuisukuma pistoni. Ni ubunifu wa upole. Moto haushtukii pistoni, mlio wa injini huwa laini, na dizeli isiyo bora sana huvumilika. Gharama yake ni joto: kuta za chumba hulinyonya, ndiyo maana injini inahitaji mgandamizo mkubwa wa zaidi ya 22 kwa 1, pamoja na hita plagi za kuiamsha asubuhi ikiwa baridi.

Joto hilo hilo ndilo huigeukia injini baada ya turbo kufungwa. Hewa ikiongezeka na dizeli ikaongezwa bila kipimo, hedi hupata moto katikati ya valvu na kuzunguka koo la chumba, ikapasuka. Fundi makini huanza na geji ya joto la eksozi kabla ya kugusa pampu. Akiona sindano inakaribia nyuzi 700, anapunguza mafuta. Huweka pia rejeta ndogo ya kupozea hewa itokayo kwenye turbo. Anayetaka zaidi hutafuta 1HD-T, ndugu yake wa mwaka huohuo wa 1990, ambayo hunyunyiza dizeli moja kwa moja kwenye pistoni na ilizaliwa na turbo. Achunguze tu beringi za konrodi, kwa kuwa zile za matoleo ya mwanzo zina sifa mbaya.

Nguvu peke yake haijawahi kutosha katika nchi hizi. Mwaka 1964 magari ya Mercury Comet kutoka Marekani, yenye injini za V8 za lita 4.7, yaliletwa kwenye mashindano ya East African Safari. Ushindi ulichukuliwa na Ford Cortina GT ya Peter Hughes na Billy Young, yenye injini isiyofika hata nusu ya ukubwa huo.

Springi na shokamzoba basi zinastahili fedha kabla ya turbo, hasa kwa magari ya watalii ambayo karakana za Arusha hukata chasisi, kuirefusha na kuweka paa la kuinuka. Matuta madogo yanayojipanga barabarani kama ubao wa kufulia hutengenezwa na magurudumu yenyewe yakivuka mwendo fulani, na mwendo wa kilomita 50 kwa saa unaoruhusiwa hifadhini hauyazuii. Turbo haisaidii chochote hapo.

Marekebisho makubwa kuliko yote huing'oa injini kabisa. Kampuni ya Opibus ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2017 na sasa ikiitwa Roam, ilibadilisha Land Cruiser za safari kuwa za umeme. Mota hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu gari linapoanza kutembea, wala haijali mwinuko. Hata hivyo bodi nyingi nzuri za mkonga, ambazo zingeweza kubadilishwa hivyo, huoza kwa kutu katika yadi za ofisi za umma zikisubiri mnada, jambo ambalo ni hasara tupu.

Gari lenyewe hubeba watalii, askari wa doria, wagonjwa, wafanyakazi wa mgodi wa Nyamongo, polisi, ndizi, mahindi na misiba.