Aliyepasuliwa na Ainuke

Hapana swali tuulizwalo sisi matabibu wa pwani hii, kutoka Bagamoyo mjini hata Saadani, kwa kukaririwa kuliko hili: "Mwanangu daktari, alale siku ngapi asiinuke?" Huuliza mama, huuliza mume, huuliza shangazi aliyeketi mkekani kando ya kitanda, na wote huuliza kwa mapenzi, walakini swali lenyewe ni batili, na mgonjwa akilazwa kama watakavyo, yamkini akapoteza roho ambayo upasuaji uliinusuru.

Dhana izaayo swali hilo ni kwamba aliyepasuliwa akisimama, nyuzi zitakatika na tumbo litafumuka. Si kweli. Tumbo hufungwa tabaka kwa tabaka, na tabaka libebalo nguvu ni utando mgumu ulio chini ya mafuta, ushonwao kwa uzi uliokusudiwa kustahimili majuma kadhaa. Na kikohozi kimoja cha mtu aliyelala chali hulikaza tumbo kuliko mwendo wa taratibu kutoka kitandani hadi dirishani. Aogopaye nyuzi na ahofu kikohozi, nacho dawa yake ni kuukumbatia mto juu ya kidonda.

Lipasalo kuogopwa halionekani. Damu ya miguuni hupandishwa moyoni kwa kukaza na kulegea kwa misuli ya shavu la mguu. Misuli ikinyamaza damu hutuama, na madhali upasuaji nao huizidishia damu wepesi wa kuganda, bonge hujijenga ndani ya vena, hung'oka, hupita moyoni, likaziba mshipa wa mapafu. Njia hiyo ya bonge Rudolf Virchow wa Ujerumani aliieleza katika maandishi yake ya mwaka 1856. Mwaka 1899 Emil Ries wa Chicago alikuwa akiwainua wagonjwa wake mapema. Na mwaka 1947 tabibu Richard Asher aliwaonya matabibu wa Uingereza juu ya hatari za kulala kitandani. Vipi basi tungali tukibishana?

Kwa mzazi aliyejifungua kwa upasuaji jambo ni zito zaidi, kwani hatari ya damu kuganda humwandama takriban majuma sita, nayo karibu ni ile arobaini ambayo desturi yetu humweka ndani. Arobaini siipingi: chakula chake, sitara yake na kupumzishwa kazi ni neema. Nipingacho ni kumlaza, na zaidi ya hapo ni kumwita mkandaji na mafuta ya moto mguu mmoja uvimbapo, kwa maana mkono ukandao waweza kuling'oa bonge. Chukueni utepe wa fundi cherehani, mpime miguu yote miwili sentimita 10 chini ya kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti: tofauti ikizidi sentimita 3, hospitali siku hiyo hiyo, hata isipozidi, mguu ukiuma na kupata moto, nendeni. Pumzi ikikatika ghafla, kifua kikichoma au akikohoa damu, msingoje kuche.

Yaliyosalia ni mafupi. Kabla ya kupasuliwa, taja bonge lililowahi kukupata wewe au ndugu yako, ujauzito, saratani, na vidonge vya uzazi wa mpango. Baada yake, mgonjwa ainuke siku hiyo hiyo au ya pili kwa idhini ya aliyempasua. Asiyeweza, akunje na kukunjua vifundo vya miguu kila saa, na anywe maji akiruhusiwa. Soksi za kubana zipimwe kwa mguu wake. Mwenye hatari kubwa huchomwa heparini au enoksaparini, dawa za kuzuia damu kuganda, na aliyepasuliwa saratani ya tumbo aghalabu huendelea hadi siku 28. Dawa hizo hutokana na utumbo wa nguruwe, na Mwislamu ana haki ya kuambiwa mapema. Ipo fondaparinuksi, itengenezwayo maabara, kwa anayefaa kuitumia. Kitunguu saumu, tangawizi na aspirini ya dukani havishiki nafasi ya sindano, na vyaweza kuzidisha kutokwa na damu, basi vitajeni kwa daktari. Na asiyechomwa aulize sababu: wako wanaozuiliwa kwa hofu ya damu kutoka, nao ndio wahitajio zaidi kutembezwa.