Kipande cha Manowari Mjini Nakuru

Si mbali na stesheni ya gari la moshi, mjini Nakuru, yuko seremala mmoja mzee wa kutengeneza viti vilivyovunjika miguu. Juu ya meza yake ya kazi nilikuta kisahani cha mbao, kidogo, cha mviringo, kimejaa misumari. Nilipoimwaga misumari na kufuta vumbi, nikaona kibati cha shaba chenye maandishi ya Kiingereza: mbao hii imetoka katika sitaha ya manowari Iron Duke, iliyompakia Admirali Jellicoe katika vita vya Jutland mwaka 1916.

"Mzee, kimekufikiaje?"

"Baba alinunua meza, Mzungu mmoja alipouza shamba akahama. Hiki kilikuwa ndani ya mtoto wa meza. Sisi tukadhani ni cha kulia njugu."

La hasha, ni cha majivu ya sigara. Waingereza walikuwa na desturi hiyo: manowari yenye sifa ikivunjwa chuma chake huyeyushwa, na mbao za sitaha huchongwa vinara, visanduku na visahani, vikauzwa kuwa ukumbusho. Jijini London liko hata duka kubwa, Liberty, ambalo jengo lake la mwaka 1924 lilijengwa kwa mbao za manowari mbili kuukuu, Impregnable na Hindustan.

Nilikikwaruza kidogo kwa ukucha chini yake, nikanusa. Msaji! Mtu wa pwani hahitaji kusomewa kibati kuujua. Ndio mti uliokuja kwetu na majahazi kutoka Malabar tangu enzi na enzi, tukauundia vyombo. Una mafuta ndani yake: maji ya chumvi hayauozeshi, mchwa huukwepa, na msumari uliopigwa humo haushiki kutu upesi. Kwa sababu hizo Waingereza nao waliutandaza juu ya chuma cha manowari zao, wakiuchukua aghalabu Burma. Kibati kimemtaja admirali; msitu hakikuutaja, wala waliouangusha.

Iron Duke ilishushwa majini mwaka 1912. Katika Jutland, tarehe 31 Mei 1916, zilikutana meli kama 250 za pande mbili, na Waingereza peke yao wakafiwa na watu zaidi ya 6,000. Mwaka 1939 ndege za Wajerumani ziliipiga mabomu huko Scapa Flow, na mwaka 1946 ikauzwa ivunjwe.

Sisi pwani vita hivyo vimetuachia vyuma. Meli ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, Septemba 1914, kisha ikajificha Rufiji hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Mizinga ya meli zote mbili ilikuja kuwekwa Ngome ya Yesu, Mombasa. Utotoni tuliipanda tukajifanya manahodha.

Lakini kisahani kilipandaje hadi Bonde la Ufa? Sijui njia ya hiki kimoja. Najua tu kwamba mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianza kuwagawia Wazungu waliopigana vita hivyo mashamba katika nyanda za juu, Laikipia na Nandi zikiwamo, na watu kama hao ndio walioweka vitu kama hivi karibu na moto jioni. Askari Mwafrika hakupewa shamba, na mpagazi ndiyo kabisa. Hesabu za Waingereza wenyewe zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa. Jamaa wengi wa marehemu hawakupata hata ule mshahara wao uliobaki.

Nikamsomea seremala maneno ya kibati, nikamfasiria. Akasikiliza, randa mkononi.

"Ni vita vile vya kariakoo?"

"Ndivyo. Ila hii ilipigana baharini, Ulaya."

"Babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo. Hakurudi."

"Mliletewa nini?"

"Nani alete, ndugu yangu? Baba alikuwa mtoto mchanga. Tulisikia kwa mtu mwingine aliyerudi, naye alisema ni huko Wajerumani waliko."

Nikamwambia wako watu Ulaya wanaokusanya vitu hivi, wangempa fedha. Akakigeuza mara mbili, akakisoma kibati kwa kidole kama asomaye Braille. Kisha akairudisha misumari yote ndani, mmoja mmoja, akaniuliza kiti changu nakitaka lini.