Rangi za udongo: kuanza kupaka sanamu za vita ukiwa Singida

Kijana wa Singida mjini, Kiomboi au Manyoni anayetaka kuanza kupaka sanamu ndogo za michezo ya vita huanza kwa kuuliza habari ya boksi: ninunue boksi lipi, lenye rangi ngapi? Huku Uingereza ninakoishi maboksi hayo yamejaa madukani, mengine yana rangi hamsini, na ninawaambia wadogo zangu wa nyumbani kwamba boksi lisubiri. Kwanza ujue rangi ni kitu gani, halafu uamue unataka kumpaka nani.

Mchezo huu ulianzia jeshini. Mwaka 1824 jeshi la Prussia lilianza kuwafundisha maofisa wake kwa Kriegsspiel, vita vya kuchezwa mezani juu ya ramani. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za kuchezea askari wa sanamu nyumbani. Mwaka uliofuata vita vya kweli vilizuka na kufika hadi kwetu. Mapema mwaka 1917 ofisa Mjerumani Max Wintgens alijitenga na jeshi la kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akaelekea kaskazini. Alipougua, uongozi ulimwangukia Heinrich Naumann. Naumann akavuka reli ya kati na kufika Mkalama, ambayo leo iko mkoani Singida, kwenye boma lililojengwa na Wajerumani wenyewe na ambalo sasa lilikuwa mikononi mwa Waingereza, akalizingira. Askari wa pande zote mbili walikuwa Waafrika kwa sehemu kubwa, na nyuma yao walitembea wapagazi waliobeba risasi, unga na wagonjwa. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, wengi kwa njaa na maradhi.

Basi mtu wa Singida hana haja ya kuanza na mashujaa wa kubuni. Kampuni ya Wargames Foundry ya Uingereza inauza sanamu za milimita 28 za Afrika ya karne ya 19, wakiwemo rugaruga (wapiganaji wasio wa jeshi rasmi), askari na wapagazi, na wapo watengenezaji wanaouza vikosi vya mwaka 1914 hadi 1918. Ukishawachagua watu hawa, orodha ya rangi inakuwa fupi sana.

Rangi yoyote ina vitu vitatu: unga unaotoa rangi yenyewe, gundi inayoushika unga huo, na kitu cha kuilainisha. Katika rangi ya mafuta ya duka la vifaa vya ujenzi, gundi ni ya mafuta, na hulainishwa kwa tapentaini au thina. Rangi ya namna hiyo ndiyo aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga pale Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na juu ya ubao mng'ao wake unapendeza. Kwenye sanamu isiyozidi urefu wa kidole gumba hutuama, ikaziba macho, vifungo na mikunjo ya nguo. Rangi ya maji ya ukutani nayo haifai, kwa sababu hujazwa unga wa chokaa ili ifunike plasta. Unachohitaji ni akriliki: gundi yake ni plastiki iliyosambaa ndani ya maji, na maji yakishakauka plastiki hushikana, haitoki tena. Unailainisha kwa maji ya kawaida, unaosha brashi kwa maji, na baada ya muda mfupi unapaka mkono wa pili. Paka mikono miwili myepesi, usipake mmoja mzito.

Nunua manjano ya udongo, nyekundu ya udongo, kahawia iliyokolea, nyeusi, nyeupe na buluu. Tyubu za wasanii zinatosha, mradi unga wake uwe umesagwa laini. Zile tatu za kwanza hupata rangi yake kutokana na oksidi za chuma, na madini hayohayo ndiyo yaliyotoa wekundu wa michoro ya kale kwenye miamba ya Isanzu na Iramba, ambayo mwanaakiolojia Fidelis Masao aliandika habari zake mwaka 1979. Manjano, kahawia na nyeupe kidogo zinakupa kaki. Buluu utaitumia kwenye vitambaa vya kufungia miguu vya askari wa Wajerumani na fulana nzito za King's African Rifles, askari Waafrika wa Waingereza.

Kwenye brashi usibane pesa. Wanaoanza hukimbilia brashi nyembamba kabisa, kumbe hiyo inabeba rangi kidogo mno na inakaukia njiani kabla haijafika kwenye sanamu. Chukua namba 1 yenye ncha kali inayorudi pamoja ukiilowesha. Kwa mistari myembamba, brashi za wapambaji kucha wa saluni zinafaa sana. Hewa ya Singida ni kavu, kwa hiyo usiweke rangi kwenye sahani tupu: tandika sponji iliyoloweshwa, weka juu yake karatasi ya kuokea, na rangi itakaa mbichi kwa saa kadhaa.

Praima ya kupuliza, yaani rangi ya kwanza inayoshika zile nyingine, inataka uangalifu. Upepo wetu, uleule uliofanya Kititimo ipimwe kwa ajili ya umeme wa upepo, hukausha matone hewani yakatua kama mchanga. Puliza asubuhi mahali palipokingwa na upepo, au tumia praima ya kupaka kwa brashi. Kabla ya hapo kwangua mabaki ya kiwandani kwa kisu na msasa laini, kisha osha sanamu kwa sabuni. Sanamu za zamani za metali huwa na madini ya risasi ndani yake, kwa hiyo vaa barakoa unapokwangua, nawa mikono, na watoto wadogo wasizishike.

Nafika kwenye ngozi, na hapa ndipo maboksi mengi yanapotuangusha, kwa kuwa rangi yao ya mwili ni ya Mzungu. Usianze na nyeusi. Uso utakuwa shimo. Anza na kahawia iliyokolea yenye nyekundu kidogo. Kwenye vivuli, chini ya taya na pembeni mwa pua, ongeza tone la buluu. Kwenye paji la uso, mashavu na vifundo vya vidole pandisha mwanga kwa nyekundu na manjano ya udongo. Ukipandisha kwa nyeupe, ngozi itapauka kama ya mtu aliyekosa mafuta asubuhi ya Juni. Wala usikipake kikosi kizima kwa mchanganyiko mmoja, maana Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu wenyewe hawafanani rangi, seuze kikosi kilichokusanya watu wa makabila mengi. Changanya upya kwa kila watu watatu au wanne, na uanze na mpagazi: nguo yake ni kidogo, mgongo na mikono viko wazi, kwa hiyo atakufundisha ngozi haraka kuliko ofisa aliyefungwa vifungo hadi shingoni.