Kutoka Uwaziri hadi Mashine ya Unga

Mwananchi wa Kiranjeranje ajitwikapo debe la mahindi kwenda mashineni, hutazamia kumkuta msagaji mwenye vumbi la unga kichwani. Hatazamii kumkuta aliyepata kuwa Waziri Msaidizi. Lakini huko Kenya mtu wa namna hiyo alikuwako, naye ni marehemu Bildad Kaggia.

Kaggia aliingia jeshini mwaka 1940, akawa karani, akapelekwa Mashariki ya Kati na kisha Uingereza. Aliporudi akawa kiongozi katika vyama vya wafanyakazi. Oktoba 1952 alikamatwa pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao. Mwaka uliofuata, huko Kapenguria, wakahukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Uhuru ulipopatikana alikuwa Mbunge na Waziri Msaidizi wa Elimu. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kaggia alishikilia kwamba wasio na ardhi wapewe ardhi bure, na mwaka 1964 akatoka Serikalini. Mwaka 1965 Rais Kenyatta alimwuliza mbele ya umati amejipatia nini, hali wenziwe wa Kapenguria wamekwisha kujipatia mali. Sisi twaliona swali hilo kuwa zito kuliko hukumu ya Kapenguria yenyewe, maana hukumu ile ilitoka kwa mkoloni.

Mwaka 1966 alipoteza kiti chake cha Bunge. Alipoachana na siasa, mwanajeshi huyu wa zamani alishika mashine ya kusaga mahindi, akaishi kwa jasho hilo. Alifariki Machi 2005.