Maswali ya Kuuliza Kabla ya Maafa: Jinsi Hatari ya Kuuawa na Mwenza Inavyotambuliwa Mapema

Mwanamke anapouawa na mumewe au mpenzi wake, mara nyingi pigo hilo la mwisho huwa limetanguliwa na miezi au miaka ya vipigo, vitisho, kufuatwafuatwa na wivu uliopita kiasi. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na wenza wao au ndugu zao, yaani wastani wa 140 kila siku. Afrika ndiyo iliyokuwa na kiwango kikubwa zaidi ikilinganishwa na idadi ya watu. Kwa kuwa vifo vya namna hii huwa na dalili, wauguzi, polisi na maofisa wa ustawi wa jamii katika nchi kadhaa hutumia maswali maalumu ya kuzibaini dalili hizo mapema. Kazi hiyo huitwa tathmini ya hatari.

Dodoso linalojulikana zaidi lilitungwa katikati ya miaka ya 1980 na Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti wa Marekani ambaye baadaye alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Toleo lililoboreshwa lina maswali 20 ya ndiyo au hapana. Kabla ya kuyajibu, mwanamke hupewa kalenda ya mwaka uliopita, akaweka alama kwenye siku alizopigwa na kuonyesha ukali wa kila tukio. Aliyezoea kusema kwamba mumewe humpiga mara mojamoja huona mwenyewe kama vipigo vinazidi kukaribiana na kuwa vikali.

Mwaka 2003 Campbell na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika miji 11 ya Marekani. Waliwalinganisha wanawake waliouawa na wenza wao na wale waliopigwa lakini hawakuuawa. Ilibainika kwamba mpigaji mwenye bunduki aliongeza hatari ya kifo takriban mara tano. Dalili nyingine zilikuwa kutishia kuua, kumtolea mwanamke silaha, kumlazimisha tendo la ndoa, mwanamume kukosa kazi, na kuwapo nyumbani kwa mtoto wa baba mwingine. Kuachana nako kulikuwa hatari, hasa kwa mwanamke anayemkimbia mwanamume aliyezoea kumtawala katika kila jambo. Ndiyo maana kumwambia tu mwanamke aondoke hakutoshi. Safari yake hupangwa kimyakimya: atafikia wapi, watoto watakuwa na nani, vitambulisho na nauli vitakaa wapi, na mtu gani wa kuaminika atajua mpango huo.

Kukabwa koo kunastahili kutajwa peke yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara saba wa kuja kuuawa naye. Hata hivyo, mara nyingi shingo haibaki na alama yoyote ya nje. Koo linaweza kuvimba kwa ndani, na mishipa ipelekayo damu kwenye ubongo ikaumia, kisha mtu akafariki saa au siku kadhaa baadaye. Mpokeaji wa malalamiko akitafuta majeraha yanayoonekana tu, atampita mtu aliye katika hatari kubwa kuliko wote. Lazima aulize waziwazi: amewahi kukukaba?

Jibu la swali halina faida kama halifuatwi na hatua. Mwaka 2005 jimbo la Maryland, Marekani, lilianzisha utaratibu ambao polisi anayefika kwenye ugomvi wa nyumbani humtenga mwanamke pembeni na kumuuliza maswali 11. Matatu ya kwanza ni haya: je, mwenza wako amewahi kutumia silaha dhidi yako au kukutishia nayo? Ametishia kukuua wewe au watoto? Unadhani anaweza kukuua? Akijibu ndiyo hata kwa moja, polisi humweleza kwamba waliokuwa katika hali kama yake wameuawa, kisha hupiga simu papo hapo kwenye kituo cha kuwahifadhi wahanga. Kuzungumza na kituo hicho au kutozungumza ni hiari yake. Utaratibu huo ulipopimwa katika jimbo la Oklahoma, ilionekana kuwa walioupitia walichukua hatua zaidi za kujilinda, na vipigo vilipungua wingi na ukali.

Huko Cardiff, Uingereza, tangu mwaka 2003 kesi zenye hatari kubwa hujadiliwa kwa pamoja na polisi, watu wa afya, makazi na ustawi wa jamii, ili taarifa ya ofisi moja isibaki kabatini.

Tathmini hii haina uhakika kamili. Alama chache si hakikisho la usalama, na hofu ya mwanamke mwenyewe ni dalili ya kuzingatiwa, ingawa kutoogopa kwake si kinga. Katika utafiti wa miji 11, karibu nusu ya walionusurika kuuawa hawakuwa wameitambua hatari iliyowakabili.

Maswali pia hayana budi kulingana na mahali. Katika Afrika Mashariki silaha ya nyumbani huwa panga, kisu au petroli. Mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei, aliyekimbia mbio za marathoni katika Olimpiki ya Paris, alifariki Eldoret, Kenya, Septemba 2024, siku chache baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia.

Tanzania na Kenya zina madawati ya jinsia katika vituo vya polisi. Kenya ina sheria ya mwaka 2015 inayoruhusu mahakama kutoa amri ya kumlinda mhanga, pamoja na simu ya bure 1195. Lakini wanawake wengi huanza kwa shangazi, mshenga, wazee au kiongozi wa dini, ambako wanandoa huketishwa pamoja na kuhimizwa kusameheana. Mbele ya mumewe, mwanamke hawezi kutaja kisu kilicho chini ya godoro. Kila anayepokea malalamiko hayo amsikilize faraghani na aulize kuhusu silaha, kitisho cha kuua, kukabwa koo na nia ya kuondoka. Jibu likiwa ndiyo, suala hilo si la usuluhishi tena: ni la polisi na hospitali, siku hiyohiyo.